Ukitazama mazoezi ya wahitimu wa baleti, anza na miguu

Wanafunzi wanaohitimu wakijiandaa kwa ziara ya maonyesho, siku yao huanza na darasa, mara nyingi la saa moja na nusu, na karibu nusu yake wako kwenye bomba la ukutani wanaloshikilia wakifanya mazoezi. Wahi darasa hilo. Utaona nani anakunja magoti yakielekea vidole vyake vinakoelekea, na nani amelazimisha nyayo kutazama nje huku magoti yamebaki mbele. Huyo wa pili anajiumiza, kwani kugeuza mguu nje huanzia nyongani.

Baadaye utawaona wanapitia hatua zao kwa kutembea tu, bila kucheza kikamilifu, na penye mzunguko mtu anazungusha kidole hewani. Wanatunza miguu.

Wakianza kuruka, tumia masikio. Mguu ukitanguliza vidole, ukafuata wayo, kisha kisigino, na goti likakunja, utasikia sauti ndogo sana. Kishindo maana yake goti limekaza au wayo umetua wote kwa pamoja. Kisigino kisipogusa sakafu, mruko unaofuata hukosa nguvu, na shavu la mguu na muundi ndio hulipia. Ila usimlaumu mwenye viatu vipya vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole: mbele yake ni tabaka za kitambaa na gundi kavu, ndiyo maana wanavigonga sakafuni kabla ya kuvivaa.

Shida kubwa ya ziara ni jukwaa kubadilika kila mji. Tepu za sakafuni huonyesha katikati, robo na kingo. Jukwaa likipungua mita mbili, mtu wa mwisho kwenye mstari anaishia ndani ya pazia la pembeni, kwa hiyo kila mmoja apime nafasi kutoka kwa jirani yake, kwa jicho la pembeni, kichwa kisigeuke. Subiri kioo kifunikwe: mistari iliyonyooka hupinda papo hapo, maana wengi walikuwa wakijipanga kwa kioo. Kwenye majukwaa ya zamani ya Ulaya yanayoinama kuelekea watazamaji, mizunguko humvuta mchezaji mbele, naye hulazimika kurudisha uzito nyuma kidogo.

Usiondoke mwalimu anapotoa masahihisho. Hapo ndipo penye utamu. Chagua mmoja wa mstari wa nyuma, sikiliza alichoambiwa, kisha kipande kikirudiwa mtazame yeye peke yake.