Barthez hakuwa mrefu, aliwezaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa Ngamiani, Tanga, tuna golikipa chipukizi mwenye sentimita 178. Wenzake wanasema kwa kimo hicho hafai. Fabien Barthez wa Ufaransa aliwezaje?

JIBU: Ndugu msomaji, msimvunje moyo kijana huyo. Barthez hakufika sentimita 185, lakini Kombe la Dunia 1998 alifungwa mabao 2 tu katika mechi 7, moja likiwa penalti. Alishatwaa ubingwa wa Ulaya na Marseille 1993, akaongeza Euro 2000, na alistaafu timu ya taifa na mechi 87.

Siri yake ilikuwa miguu na kusoma mchezo. Mpira ukiwa mbali, alisogea mbele ya mstari, akawahi pasi ndefu kabla ya mshambuliaji. Kijana wenu afanye hivyo, ila mpigaji akiinua kichwa arudi hatua mbili tatu, la sivyo mpira utapitishwa juu ya kichwa chake. Lango lina kimo cha mita 2.44, mpira wa juu autokee kwa kuruka na mguu mmoja, goti la pili likiwa juu. Akichelewa kuamua, atakwama katikati, na hapo ndipo mabao mengi huingia.

Na asisimame kudai kuotea! Januari 2001, akiwa Manchester United, Barthez aliinua mkono badala ya kutoka. Paolo Di Canio wa West Ham akafunga, Manchester United wakatolewa Kombe la FA.

Mashabiki walimpenda hata hivyo. Nani amesahau Laurent Blanc, beki mwenzake wa Ufaransa, akibusu kipara chake kabla ya mechi?