Maswali na Majibu: Teria Mchanga na Shimo la Mbweha

Safu iliyopita niligusia teria, wale mbwa wadogo wa Uingereza wanaoingia mashimoni kumtoa mbweha, na tangu siku hiyo barua hazijakoma. Nimechagua chache. Walioandika kuuliza kama nauza watoto wa mbwa: siuzi.

Nina Border Terrier dume wa miezi minane, moto wa kuotea mbali. Rafiki yangu ananiambia samaki mkunje angali mbichi, nimwingize shimoni msimu huu huu. Unasemaje? (Msomaji, Penrith)

Rafiki yako anaijua methali, mbwa hamjui. Kwa utii, mkunje leo. Kwa shimo, mwache.

Mbwa wa miezi minane ana mwili unaodanganya. Meno ya utotoni yamemtoka juzi tu, na akili bado ni ya kukimbiza majani. Huko chini ni giza totoro, hewa ni finyu, na anayemngoja ni mnyama mzima wa kilo sita au saba aliye nyumbani kwake, mgongo ukutani, hana pa kukimbilia. Mbwa mchanga akiraruliwa mara moja huko, hutokea moja kati ya mawili. Ama hulichukia shimo maisha yake yote, akifika mlangoni ananusa na kugeuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Ama hushika kisasi: tangu siku hiyo akikuta mbweha haulizi, anarukia uso. Wote wawili wameharibika, na wa kulaumiwa ni aliyewaachia kamba. Mimi siwazii shimo kabla ya mwaka na miezi miwili, na nimeona walioanza na mwaka na nusu wakawaacha mbali wenzao waliotangulizwa.

Usidhani miezi hiyo ya kungoja ni ya kukaa bure. Kwanza kondoo. Mpitishe katikati yao na kamba ndefu, kila wiki, mpaka awaone kama mawe. Sheria ya wanyama ya 1971 inampa mfugaji wa Uingereza utetezi akimpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake, na huko kwenu Cumbria kondoo wako kila mahali utakapokanyaga. Pili kuitwa. Mbwa asiyekuja akiitwa juu ya ardhi, akiwa chini ndiyo usahau kabisa. Tatu, mtengenezee njia ya mbao bustanini, upana wa shubiri moja, iliyofunikwa juu. Anza na iliyonyooka, mwekee kipande cha nyama upande wa pili. Akiizoea, tia kona moja, halafu mbili. Ajifunze mapema kwamba giza si adui, na kwamba mahali asipoweza kugeuka anaweza kurudi kinyumenyume. Hilo la kurudi kinyumenyume wengi hawalifundishi, halafu wanashangaa mbwa amekwama.

Nne, mpe panya wa ghalani, baada ya chanjo ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, kukamilika.

Na mpime kifua. Piga magoti nyuma yake, zungusha viganja viwili nyuma ya mabega, vidole gumba vikutane mgongoni na vingine chini ya kifua. Vikikutana bila kumkamua, sawa. Bonyeza kidogo: mbavu zinapaswa kukubali, zisiwe ngumu kama pipa. Mbweha ukimwona Januari na manyoya yake ya baridi unadhani ni pande la mnyama, kumbe chini ya manyoya ni kijiti, na anapita penye uwazi mwembamba. Mbwa mwenye kifua cha pipa atamfuata mpaka hapo, kisha utachimba wewe. Dume wa aina yako asizidi sana kilo saba.

Mbona unamwita mbweha? Kwetu mbweha ni yule wa mbugani. (Msomaji, Musoma)

Lawama ziende kwa kamusi, zimewatia wanyama wawili kapu moja. Ninayemzungumzia ni mbweha mwekundu, Vulpes vulpes, mkia kama fagio na ncha nyeupe. Bweha wa Serengeti yuko karibu zaidi na ukoo wa mbwa mwitu. Ukitaka ndugu wa karibu wa huyu mwekundu huko kwenu, mtafute bweha masikio, yule anayekula mchwa.

Jike wangu ana miaka miwili. Akimfikia mbweha anasimama mbali kidogo na kubweka tu, hang'ati. Wenzangu wanamcheka kuwa mwoga. Nimbadilishe? (Msomaji, Hereford)

Ukimbadilisha niandikie kwanza, nitatafuta nauli.

Huyo ndiye mbwa. Kazi ya teria ni kumfanya mbweha aone kero, atoke kwa mlango mwingine. Jina lenyewe limetokana na neno la Kifaransa la ardhi na shimo, halina habari ya meno. Kasisi John Russell wa Devon, aliyemnunua jike wake maarufu, Trump, kutoka kwa muuza maziwa huko Oxford mwaka 1819, alitaka mbwa wa kumtoa mbweha. Mbweha akifia chini, mbwa wakubwa na wapanda farasi walioko juu wanamkimbiza nani? Mbwa wengi wanaobeba jina la Jack Russell leo wametokana na fikra hiyo, ingawa wengi wao kazi yao sasa ni kulalia makochi.

Lala chini, sikio kwenye nyasi, msikilize jike wako. Ukisikia mbweko wenye mpigo sawa, pahali pamoja, mambo ni mazuri: yuko uso kwa uso naye, ametunza nafasi. Mbweko ukihamahama, mbweha anatembea na huenda akatoka sasa hivi. Ukimya mrefu baada ya kelele ndio unaonitia baridi mimi. Mbwa mkimya ameshika au ameshikwa, na huwezi kujua ni lipi mpaka uchimbe. Ndiyo maana kola ya kutoa mawimbi, inayokuonyesha mbwa yuko wapi chini ya ardhi, si pambo. Uipime betri nyumbani kabla ya kutoka, na uipime tena mlangoni mwa shimo.

Hao wanaocheka, angalia nyuso za mbwa wao. Pua iliyochanika mara tano, mdomo wa chini haupo. Kila jeraha lile ni wiki kadhaa za kukaa nyumbani.

Jirani yangu mfugaji anapoteza wanakondoo. Ameniomba nije na teria wangu shimoni. Naruhusiwa? (Msomaji, Shropshire)

La, na wengi wanaangukia hapa. Sheria ya uwindaji ya 2004, iliyoanza kazi Februari 2005 kwa Uingereza na Wales, iliacha mlango mmoja mdogo kwa mbwa wa chini ya ardhi: kulinda ndege wanaofugwa au kutunzwa kwa ajili ya kupigwa bunduki, kama fezanti. Wanakondoo hawamo. Hata kwa ndege hao, chini anakuwa mbwa mmoja tu kwa wakati mmoja, si wawili pamoja. Lazima uwe na karatasi mfukoni, ya kuthibitisha kuwa ardhi ni yako au mwenyewe amekuruhusu, na polisi akiitaka uitoe hapo hapo. Mbweha atolewe upesi, na akitoka apigwe risasi mara moja na mtu anayejua bunduki.

Kwa wanakondoo, sheria hiyo hiyo inakubali mbwa wasiozidi wawili kumfurusha mbweha vichakani, juu ya ardhi, ili apigwe risasi. Kusema kweli, mtu mmoja mwenye bunduki na subira, usiku, atamsaidia jirani yako kuliko mbwa wangu na wako. Scotland wana sheria yao ya 2023, isome kabla ya kuvuka mpaka.

Nitajuaje shimo ni la mbweha na si la melesi?

Melesi ni yule mwenye kichwa cha mistari myeupe na myeusi, jamaa wa nyegere wetu. Mlango wake umelala, mpana kuliko urefu wake, una rundo kubwa la udongo nje na mara nyingi majani makavu ya kitandani yamechanganyika humo. Karibu kuna vijishimo anavyojisaidia. Mlango wa mbweha umesimama zaidi, na una harufu kali ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Msimu wa watoto utaona mabawa na mifupa.

Ukiwa na shaka, funga mbwa na uondoke. Sheria ya melesi ya 1992 inahesabu kumwingiza mbwa humo kuwa kosa, na watu hufungwa. Tena mbweha huhamia makao ya melesi, kwa hiyo harufu ya mbweha peke yake haikutoi kwenye lawama.

Akitoka na majeraha nifanye nini?

Macho kwanza, kabla ya damu. Udongo wa mfinyanzi huganda chini ya kope. Maji safi ya chumvi, chupa nzima, mimina kuanzia kona ya ndani. Kisha kata manyoya kuzunguka matundu ya meno. Tundu dogo ndilo baya: ngozi inajifunga juu, usaha unabaki ndani. Usishone mwenyewe. Uso ukivimba, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wiki chache baadaye akijikuna masikioni na viwikoni, mdhanie upele wa mbweha. Minyoo ya mapafu nayo iko kwa mbweha wengi, huenezwa na konokono. Dawa ya minyoo ya dukani si kila moja inaiua, uliza.

Huu si ukatili? (Wasomaji wanne, kwa maneno makali kuliko haya)

Tume ya Burns ya mwaka 2000, iliyoundwa na serikali kuchunguza uwindaji wa kutumia mbwa, ilisema wazi kwamba kumchimba mbweha na kumpiga risasi kunamtesa sana, maana hudumu muda mrefu na njia ya kukimbia imezibwa. Sina la kuibishia. Ndiyo sababu namtaka mbwa wa sauti na si wa meno, mbweha atoke kwa dakika chache, na ndiyo sababu mimi naacha mwisho wa Februari, maana Machi majike wanazaa. Anayeona hata hivyo haitoshi, nampa haki yake.

Bweha wanakula kuku wangu. Naweza kuleta teria mmoja huku? (Msomaji, Nanyuki)

Kwa bweha, hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na huko kichaa cha mbwa kipo: bweha anaambukizwa na anaambukiza. Mimi naweza kuandika haya yote kwa raha kwa sababu mbweha wa Uingereza hawana ugonjwa huo. Zika wavu wa banda kwenda chini kama mkono mmoja, uukunje kuelekea nje, na kuku walale ndani kabla ya jua kuzama. Teria akija, chanjo kwanza, kisha mpeleke ghalani kwenye panya.