Aliyekiri kosa ana rufaa ya adhabu (jibu kwa mkuu wa Tukuyu)

Mkuu, pole sana. Nimeusoma uzi wako hapa jukwaani: mdogo wako amekiri kughushi risiti ya mauzo na kuiwasilisha, mahakama ya wilaya imempa faini laki tano au jela mwaka mmoja kwa kila kosa, na fidia juu yake. Mtaani wanawaambia aliyekiri hana rufaa. Msiwasikilize. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa kawaida inamzuia aliyekiri kupinga kutiwa hatiani, lakini kupinga adhabu anaruhusiwa, iwe kwa ukubwa wake au uhalali wake.

Kwanza siku, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Kusudio la kukata rufaa, yaani taarifa kwamba mtakata rufaa, linatolewa ndani ya siku 10 tangu adhabu, na hati ya rufaa yenyewe, yenye sababu zenu, ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi, kwa hiyo ombeni nakala kwa barua na mbaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Kama yuko ndani, si lazima mhangaike na wakili: anamwambia askari wa gereza, anaweka dole gumba kwenye fomu ya kusudio, na mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani. Mwambieni ahakikishe tarehe imeandikwa mbele yake. Mkichelewa, Mahakama Kuu, ambako rufaa yenu inakwenda, inaweza kuwapokea kwa sababu ya msingi, ila "hatukujua" ni sababu dhaifu. (Ingekuwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa ingeenda wilayani ndani ya siku 30.)

Shemeji yangu alifungwa huku Mafinga kwa makosa kama hayo mawili, kughushi hati ya mauziano ya shamba na kuitumia. Miaka miwili kwa kila kosa. Familia ilitoka mahakamani ikiamini ni miwili tu. Tulipokwenda kumwona, afisa akatusomea hati ya kifungo: minne. Hakimu hakuwa amesema neno lolote kuhusu vifungo kwenda pamoja, na hakimu akinyamaza, sheria inavifanya vifuatane, kimoja kikiisha kinaanza kingine. Hicho ndicho kitu ambacho kila familia inapaswa kukisikiliza siku ya hukumu. Rufaa yetu Mahakama Kuu Iringa ilisimama kwenye hoja moja: hati ni ile ile, siku ni ile ile, tukio ni moja. Jaji akaamuru vitumikiwe kwa pamoja.

Kwenu ni faini, kwa hiyo hesabuni kila kosa peke yake: milioni moja, au miaka miwili. Mkipata pesa akiwa ameshaingia, lipeni, anatoka. Hata sehemu ya faini inapunguza siku kwa uwiano wake. Kulipa hakuwazuii kukata rufaa.

Kwenye sababu za rufaa acheni kuandika "adhabu ni kubwa" mkaishia hapo. Jaji haingilii adhabu kwa sababu tu yeye angetoa ndogo. Anaingilia ikiwa imevuka sheria, imezidi kupita kiasi, imejengwa juu ya kanuni isiyo sahihi, au hakimu ameacha jambo zito. Je, ni kosa lake la kwanza? Je, kukiri kwake mapema kulizingatiwa? Na hiyo fidia, kiasi kimetoka wapi? Kama kwenye mwenendo hakuna maelezo ya hasara, semeni hivyo.

Jueni pia Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu, hivyo isomeni hukumu yote kabla ya kuwasilisha. Kwenu rufaa itasikilizwa Mbeya mjini, na anaweza kuomba dhamana wakati akiisubiri. Ukiipata nakala, ficha majina uiweke hapa, tutaisoma pamoja.