Oda moja kuingia mara mbili, nani alaumiwe?

Swali: Habari za kazi kaka. Mimi niko IT kwenye kampuni ya kufungasha parachichi huku Njombe, mimi na kijana mmoja tu ndo IT yenyewe. Mteja wetu wa Uholanzi anatuma oda kwa AS2, yaani sistimu yake inaongea na yetu moja kwa moja, hakuna kupigiana simu. Juzi kati ikaja oda ya paleti 20, umeme ukakatika hapo hapo, jenereta ikachelewa, uliporudi nikakuta oda mbili za paleti 20, asubuhi stoo wakafungasha zote 40. Mteja anaapa katuma oda moja. Bosi anasema intaneti yetu mbovu. Mimi nasema mteja katuma mara mbili ila hataki kukubali. Nani mkweli?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, hasa kwa zile paleti 20 za ziada maana parachichi halisubiri mkimaliza kubishana. Ila mteja wako ni mkweli na wewe pia ni mkweli, bosi ndo amekosea kidogo.

Chukulia umempa kondakta mzigo Njombe ampelekee shemeji yako Dar. Basi limefika, saa zinapita, shemeji kimya. Mzigo umepotea, au ameupokea ila simu imezima chaji? Ukiwa Njombe huwezi kutofautisha, ukimya ni ule ule. Basi sava ya Uholanzi usiku ule ilikuwa kwenye hali hiyo hiyo. AS2 inafanya hivi: anayetuma anafunga meseji kwa ufunguo wako wa wazi ili uifungue wewe peke yako, anatia saini kwa ufunguo wake wa siri, anaituma kwa HTTP ya kawaida tu, njia ile ile ya kurasa za wavuti, wewe unaifungua, unakagua saini, unakokotoa alama ya yaliyomo, halafu unarudisha risiti inaitwa MDN yenye saini yako na ile alama ndani. Yeye analinganisha alama na ya kwake, zikifanana ndo anahesabu imefika. Sava kujibu 200, namba ya HTTP ya kusema sawa, haitoshi, hiyo ni sawa na mlinzi wa getini kusema mgeni kaingia, haijulikani kama kaonana na mwenye nyumba.

Sasa kwako oda iliingia vizuri, ikafunguka, ikaandikwa kwenye folda, umeme ukakata kabla MDN haijatoka. Wenzako wakasubiri risiti, hola, sistimu yao ikatuma tena yenyewe bila mtu kugusa kitu, na ndivyo inavyotakiwa, ndo maana kwao ni oda moja. Fungua kumbukumbu za sava yako utafute mstari wa Message-ID, yaani namba ya utambulisho ya meseji, kwenye zile meseji mbili, nina uhakika mkubwa utakuta ni namba ile ile. Programu yako ilitakiwa iseme hii nishaipata, narudisha risiti tu, lakini ikaipokea kama mgeni mpya.

Waliotengeneza ebXML, ule mradi wa viwango vya kutumiana nyaraka za biashara wa Umoja wa Mataifa na shirika la viwango la OASIS ulioanza 1999, waliliona hili mapema, na toleo la 2.0 la huduma yao ya meseji la 2002 lilitaja wazi kabisa kuomba risiti, kutuma upya mara ngapi na kila baada ya muda gani, na mpokeaji kufuta marudio. AS2 iliandikwa rasmi kwenye hati ya viwango vya intaneti iitwayo RFC 4130 mwaka 2005, ingawa Walmart walishaanza kuwabana wasambazaji wao waitumie tangu 2002, na yenyewe ni nyepesi, mambo mengi ya kutuma upya imewaachia watengeneza programu na makubaliano yenu nyie wawili. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kukagua marudio, mara nyingi ipo ila imezimwa, iwashe, na hakikisha inakumbuka Message-ID kwa muda mrefu kuliko ule ambao mteja anaendelea kujaribu. Mimi huwa naweka siku 30, haili nafasi yoyote ya maana.

Kuna kijana atakwambia dawa ni kurudisha risiti kwanza ndo uhifadhi, eti ili umeme usikuwahi. Mkatalie kabisa! Umeme ukikata katikati hapo oda imepotea na mteja ameshika risiti yenye saini yako kwamba umeipata, utamwambia nini? Andika kwenye diski kwanza, oda na Message-ID yake kwa pamoja, risiti baadaye. Bora marudio unayoweza kuyakamata kuliko upotevu uliousaini mwenyewe.

Na bado kuna mlango wa pili. Siku mtu wa Uholanzi akibonyeza kutuma upya kwa mkono, Message-ID inaweza kuwa mpya na kinga yako ya kwanza haitaona kitu. Hapo fungua faili lenyewe, kama mnatumia EDIFACT, muundo wa kuandika nyaraka za biashara kwa kompyuta, utaona mstari kama BGM+220+4471+9, hiyo 220 maana yake oda, 4471 ndo namba ya oda, 9 maana yake ni ya asili, ingekuwa 7 ni nakala. Sistimu ya stoo ikikuta namba ya oda ambayo ishaipokea kwa mteja huyo huyo isimame imuulize binadamu. Na MDN isikudanganye, inasema bahasha imefika salama, haisemi mmekubali kupakia. Kukubali kuna meseji yake inaitwa ORDRSP, kama mngekuwa mnaituma mteja angeona mbili na angewashtua kabla ya stoo kuanza kufungasha.

Swali: Tuko Mombasa, kampuni ya klearing na fowadi. Meseji zetu zote kwa mshirika mmoja wa ng'ambo zilikataliwa ghafla Jumamosi, hatukubadilisha chochote. Tumedukuliwa?

Jibu: Hamkubadilisha chochote, ndo tatizo lenyewe hilo. Angalieni tarehe ya mwisho ya cheti chenu cha kidijitali, kile kinachobeba ufunguo wenu wa wazi, naweka dau kimekufa Ijumaa usiku. Mimi yalinikuta mkesha wa Idd kwenye kampuni moja niliyokuwa nafanyia kazi, nimeshika sahani ya pilau mkononi huku nabembeleza mtu wa IT wa upande wa pili apakie cheti kipya, na kwao ni wikiendi. Cheti kipya kipeleke mwezi mmoja kabla, na mwenzako asikipakie hivi hivi tu kwa sababu kimekuja kwa barua pepe, mpigie kwa namba unayoijua tangu zamani msomeane ile alama ya kidole ya cheti, yaani msururu wa herufi na namba unaokitambulisha, herufi kwa herufi. Mtu akifanikiwa kumpachika mshirika wako cheti cha uongo atakuwa anasaini kwa jina lako, na zile risiti zitakuwa halali kabisa.

Swali: Sisi wadogo, hatuna sava ya kukaa hewani masaa 24 wala anwani ya IP ya kudumu. Ndo basi tena?

Jibu: Hapana. Waambie mshirika wako mtumie AS4, ndugu mdogo wa ebXML aliyepitishwa 2013, mtandao wa Peppol wa Ulaya, wa kutumiana nyaraka za biashara, ulihamia huko 2020. AS4 ina namna ya kuvuta: meseji inakaa kwa mwenzako, kompyuta yako ikiwaka inapiga hodi, inachukua yake, inarudisha risiti. Programu za bure zipo, Holodeck B2B kwa mfano. Kwa AS2 ziko OpenAS2 na mendelson, ila hizo zinataka upande wako uwe wazi muda wote. Anza na meseji 10 za majaribio, na ya tano ukishaituma chomoa waya wa mtandao makusudi uone itakuwaje.