Je, Kifaa cha GPS cha Bei Nafuu Kitanifaa Kisumu na Vihiga?

SWALI: Mimi husambaza dawa za mifugo kutoka Kisumu hadi Vihiga, Kakamega na Nandi. Simu ninayoitumia kunionyesha njia hupata joto, chaji huisha upesi, na mtandao hupotea nikifika milimani. Dukani nimeonyeshwa kifaa cha GPS cha inchi saba kwa shilingi 8,500, na muuzaji anasema hakihitaji bando. Je, ninunue?

JIBU: Muuzaji amekueleza ukweli kuhusu bando. Kifaa hiki hupokea mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, na kikizipata nne au zaidi hukokotoa mahali gari lilipo, kwa kawaida kwa kukosea mita chache tu penye anga wazi. Ramani imo ndani ya kumbukumbu yake, kwa hiyo kukosa mtandao milimani hakukisumbui. Katika upokeaji huo vifaa vya bei nafuu havijaachwa nyuma sana na vya bei ghali, na hata kasi vinayoonyesha mara nyingi ni sahihi kuliko mshale wa dashibodi, ambao kwa magari mengi husoma juu kidogo.

Hata hivyo, simu yako nayo ina kipokezi cha namna hiyo, na kinachopotea milimani ni ramani inayoletwa na mtandao. Kabla ya kutoa pesa, pakua ramani ya eneo lote la magharibi ukiwa mjini, kisha uitumie bila mtandao kwa wiki moja. Ikiwa tatizo litakalobaki ni joto, chaji na simu za wateja zinazokukatiza njiani, hapo kifaa cha pekee kitakuwa na kazi ya kufanya.

Udhaifu mkubwa wa vifaa hivi ni ramani. Vingine huuzwa vikiwa na ramani ya Ulaya, na vingine vina ramani ya Kenya yenye barabara kuu peke yake. Hata ramani nzuri huweza kukudhuru ikiwa mipangilio imeachwa kwenye njia fupi zaidi, kwa sababu kifaa hakitofautishi vizuri lami na njia ya trekta. Ukielekea Nandi kupitia Chemelil kinaweza kukuingiza katikati ya mashamba ya miwa, na mvua ikishanyesha juu ya udongo mweusi wa Kano, gari dogo halitoki humo bila kusukumwa. Chagua njia ya haraka zaidi, na uzuie barabara zisizo na lami ikiwa kifaa kina uwezo huo.

Jambo jingine linawahusu hasa watu wa huku kwetu. Wateja wako vijijini hawana nambari za nyumba; hukuelekeza kwa shule, kanisa au soko. Njia bora ni kuhifadhi latitudo na longitudo ya kila boma unalofika, na hapa ndipo ikweta inapowakosesha wengi. Kisumu iko kusini yake kidogo, ilhali Mbale na Kakamega ziko kaskazini. Ukiandika latitudo ya Kisumu, ambayo ni takriban 0.09 kusini, kisha ukaiacha alama ikiwa ya kaskazini badala ya kusini, kifaa kitakupeleka maeneo ya Mbale, Vihiga, kilomita 20 hivi kutoka ulikokusudia, na hakitakuonya, kwa kuwa huko nako kuna barabara. Hakiki alama hiyo kila mara unapoandika.

Kuhusu umbo lenyewe, tarajia kioo kinachohitaji kubonyezwa kwa nguvu na kisichosomeka vizuri juani, pamoja na betri ndogo, kwa hiyo kitumie kikiwa kimechomekwa kwenye chaji ya gari. Usikiache dashibodini gari likiwa limeegeshwa juani, kwani joto huharibu betri. Kama utakihamishia kwenye lori, hakikisha chaja inakubali volti 24. Ukishauriwa kununua cha mkononi cha zamani, tazama tarehe yake, kwa maana hesabu ya wiki ambayo GPS huitumia kujua tarehe ilirudi sifuri na kuanza upya tarehe 6 Aprili 2019, na baadhi ya vifaa ambavyo havikusasishwa huonyesha tarehe isiyo sahihi. Elewa pia kwamba kifaa hiki si traka: gari likiibwa, hakitakuambia liliko.

Ushauri wangu ni ununue kwa sharti moja, kwamba ukijaribu kabla ya kulipa. Kitoe nje palipo wazi na usubiri, kwa kuwa mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa kupata setilaiti. Kisha tafuta baipasi ya Kisumu, Chavakali, Kapsabet, na soko moja dogo unalolijua vizuri, na uulize ramani husasishwa vipi na kwa gharama gani. Soko lako lisipoonekana, au muuzaji asipoweza kujibu kuhusu ramani, weka shilingi zako 8,500 na ununue kishikilia simu pamoja na chaja imara ya gari.