Usihamishie darasa sebuleni

Wazazi wengi wanaoamua kusomesha watoto nyumbani huanza kwa kununua ubao, kupanga vipindi vinane kwa siku na kumkalisha mtoto mezani mpaka alasiri. Baada ya wiki chache mtoto hataki hata kuliona daftari, na mzazi hana nguvu ya kufanya jambo jingine. Tatizo ni kwamba wameiga sehemu ya shule ambayo nyumbani haihitajiki kabisa.

Siku ya shule ni ndefu kwa sababu ya wingi wa watoto. Chukua kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 45: mwalimu akimpa kila mmoja dakika moja tu, kipindi kimekwisha na bado watano hawajafikiwa. Kengele, foleni, zoezi moja kwa wote, kumsubiri aliyechelewa, vyote vinatokana na hesabu hiyo. Mwalimu wa shule ya umma hastahili lawama kwa hilo. Anastahili darasa dogo zaidi.

Mtoto mmoja akiwa na mtu mzima mmoja, mambo hubadilika. Wa miaka 6 au 7 hutosheka na saa moja na nusu hadi mbili za kazi ya mezani: kusoma kwa sauti dakika 15, hesabu dakika 20, imla ya sentensi tano, na mapumziko ya dakika 10 kila baada ya somo. Wa miaka 10 hadi 12 aende saa tatu au nne. Somo linalomtoa jasho lije kwanza, asubuhi, akiwa ameshiba. Kama watoto ni wa umri tofauti, tenganisha hesabu na kusoma tu. Sayansi na historia wasikilize pamoja, kisha mkubwa aandike aya mbili na mdogo achore na kueleza kwa mdomo. Anayetambaa mpe robo saa yake kabla hujafungua kitabu chochote. Ukimweka mwisho atakatiza kila somo.

Kosa linalojificha kuliko yote ni kumpa mtoto jibu bila kujua. Unakaa kando yake, anakosea, unakunja uso, anafuta. Anasoma uso wako, hasomi swali. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mpe maswali 10 ayafanye peke yake, wewe ukiwa chumba kingine. Akipata 8, songa mbele. Akipata chini ya hapo, rudia kwa mifano mipya. Hapo ndipo utagundua, kwa mfano, kwamba akijumlisha 1/2 na 1/3 anaandika 2/5, kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Usimkaririshe kanuni. Chukua karatasi mbili zinazolingana, kila moja ikunjwe iwe vipande sita sawasawa, apake rangi vipande 3 kwenye moja na 2 kwenye nyingine, ahesabu mwenyewe: 5/6.

Shule ya umma ina kitu ambacho nyumba haina, nacho ni jicho la mtu aliyekwisha kuona mamia ya watoto wa umri huo. Asiyeona ubaoni hujulikana darasani. Nyumbani kila kitu kiko karibu na pua, na tatizo la macho linaweza kukaa miaka bila kushtukiwa. Mpime macho na masikio kabla ya kuanza. Marafiki nao wanahitaji mpango: kundi lilelile, kila wiki, kwa miezi. Matembezi ya hapa na pale hayazai urafiki.

Kisha kuna familia yenyewe. Mzazi akiwa mwalimu kuanzia asubuhi hadi usiku, mtoto hukosa mzazi. Wekeni saa ya kufunga vitabu, na baada ya hapo asisahihishwe matamshi wala kuulizwa jedwali la kuzidisha wakati wa chakula. Mzazi anayeshinda kazini naye ashike somo moja la jioni, liwe lake kweli, ili mzigo wote usimlemee mwenzake.

Kabla ya kumtoa mtoto shuleni, soma sheria. Ujerumani humlazimu mtoto kuhudhuria shule. Marekani inaruhusu elimu ya nyumbani katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo na masharti yake. Pata majibu ya mamlaka kwa maandishi, asije akahesabiwa mtoro. Kila wiki mbili hifadhi kazi moja ya kila somo yenye tarehe, pamoja na orodha ya vitabu alivyosoma. Tarehe za kujiandikisha kwa mitihani ya taifa zitafute miaka miwili mapema, hasa masomo yenye maabara. Na hesabu ifuate mtaala wa taifa walau kila mwisho wa mwaka: historia inaweza kuanzia popote, lakini aliyeruka hesabu za sehemu, kama 1/2 na 1/3, atakwama kwenye asilimia siku atakayorudi darasani.