Kahawa ya usiku na usingizi wa mang'amung'amu

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga, nina kibanda cha kuweka na kutoa pesa Ngamiani. Tangu nichukue mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, sijielewi, usiku usingizi hauji mpaka saa nane, moyo unaenda mbio, asubuhi kichwa kizito, na mke wangu kila kitu tunagombana. Presha nimepima dispensari wamesema iko sawa, mama anasema nimetupiwa kitu. Asubuhi sili, mchana nagonga vinywaji vya enaji viwili, nikishafunga hesabu naenda kijiweni kupiga kahawa na washkaji, ndo hapo tu stresi inashuka. Jirani kanipa vidonge vya usingizi, nimeze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama usibishane naye, ana wasiwasi na mwanawe tu, ila mimi naanza na hivyo vikombe. Kafeini, ile kitu ya kuchangamsha iliyomo kwenye kahawa na enaji, kwa mtu mzima inachukua kama saa 5 hivi kupungua nusu, kwahiyo ukimaliza kahawa saa 3 usiku, saa 8 usiku nusu yake bado iko mwilini inakukimbiza, na hapo enaji za mchana sijazihesabu. Moyo kwenda mbio unaweza kuanzia hapohapo. Halafu usipolala, ile homoni ya stresi wanayoiita kotisoli, ambayo usiku inatakiwa iwe chini, inaweza kubaki juu hata kesho yake jioni, basi unaamka umechoka unatafuta enaji nyingine na mke akiuliza tu hela ya mboga unaona anakuchokoza.

Kijiwe usikiache! Kinachokutuliza pale ni washkaji na soga, kahawa inapewa sifa za bure. Kaa, kula kashata yako, agiza chai ya tangawizi isiyo na majani. Ila usikate kafeini yote siku moja, kichwa kitakugonga wiki nzima utasema anti kakuroga. Punguza enaji moja kwanza, kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana, na asubuhi amka muda uleule hata kama umelala vibaya. Kula chochote kabla ya kufungua kibanda, hata uji.

Na baiskeli je? Tanga mji wa baiskeli huu, sikuhizi vijana bodaboda mpaka dukani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku 5, jioni zungukia Raskazone upigwe na upepo kidogo ndo urudi.

Sasa deni. Kulala vizuri hakulipi kausha damu, tusidanganyane. Lakini madeni unayahesabu kitandani saa saba usiku wakati huna wa kumpigia wala cha kufanya, chukua daftari, kaa na mkeo mchana, andikeni nani anadai nini na lini, maana nahisi hajui hata nusu, na ugomvi mwingine unatokea hapo.

Vidonge mrudishie jirani, vya mtu mwingine havimezwi. Ukipata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia, usinisubiri mimi, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Na usingizi ukigoma wiki tatu nne baada ya kupunguza hivyo vitu, pia nenda, waambie na habari ya mkopo, usione aibu.